Mtama ndani ya Pombe ya Ndizi

Huku Busunzu, mtama uliokaangwa na kusagwa hutajwa kama kiungo cha pombe ya ndizi. Maji ya ndizi zilizovundikwa, yakikamuliwa kwa nyasi, ni matamu mno. Mtama huyapa rangi, ukali na harufu ya moshi, tena huyachachua. Lakini ndizi asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki, na mtama ni wa Afrika. Kwa hiyo nadhani kiungo ni ndizi: pombe ya zamani iliongezewa utamu. Vitabu vingi humkuta Muha akiwa tayari manamba, kwenye mkonge wa Tanga. Mtungi wake una umri mkubwa zaidi. Wapo wanaotia asali. Kwangu hiyo inarudisha utamu ambao mtama umeupunguza.