Saa ya Kale Katika Nchi ya Dhahabu

Wahenga walisema: ya kale ni dhahabu. Katika nchi ya Shinyanga na Geita, ambako dhahabu na almasi huchimbwa, msemo huu una mtihani wake. Je, kitu cha kale kithaminiwe kwa mizani ya mnunuzi, ama kwa historia iliyomo ndani yake?

Swali hili lilitukabili mjini Shinyanga. Jamaa wa ukoo mmoja walirithi saa ya mfukoni yenye kasha la dhahabu, mali ya babu yao aliyekuwa karani wa reli. Saa ilikwisha simama miaka mingi. Baadhi yao walitaka kasha liyeyushwe na kuuzwa ili kupata ada ya shule ya mjukuu. Wengine walitaka saa itengenezwe. Tukaombwa kuwa shahidi, tukafuatana nao hadi kwa fundi.

Saa ya namna hiyo haieleweki pasipo kuikumbuka kazi iliyoileta. Reli ya Tabora hadi Mwanza, ipitayo Shinyanga, ilikamilika mwaka 1928. Katika miaka ya 1930 mgodi wa Geita ulianza kutoa dhahabu, ukaendelea hadi mwaka 1966. Na mwaka 1940 John Williamson aligundua almasi Mwadui. Mkulima aliyepima siku kwa jua na kwa kurudi kwa ng'ombe zizini akalazimika kuitii filimbi ya gari la moshi na king'ora cha mgodi. Hata hivyo hakusalimu amri kabisa. Adhuhuri akrabu zilipokutana juu ya kumi na mbili, yeye alisema ni saa sita, kwa kuwa sisi huhesabu saa tangu macheo. Chombo kilikuwa cha kigeni. Hesabu ilibaki yetu.

Fundi aliyatoa magurudumu moja moja, akayaosha kwa benzini na kuondoa mafuta yaliyoganda. Kamani ilikuwa imekatika, akatia nyingine. Vijiwe vyekundu vya yakuti, vinavyoshika ncha za mihimili ya magurudumu, vilikuwa vizima. Ufundi wa kutoboa vito kwa ajili ya saa ulisajiliwa mjini London mwaka 1704, na kwa desturi kazi hiyo ilifanywa kwa unga wa almasi. Hivyo jiwe kama lile la Mwadui lilikuwa na sehemu yake katika utengenezaji wa saa.

Ndani ya kifuniko palikuwa na michoro midogo ya herufi na tarehe, alama za mafundi waliotangulia. Kijana mmoja akaomba isuguliwe, kasha ling'ae kama jipya. Fundi akakataa, akasema:

"Nikiifuta, nitakuwa nimewafukuza watu hawa katika saa yenu."

Kisha akatia ufunguo, na saa ikaanza kulia. Wenyewe wakanyamaza kwa kitambo. Hatimaye wazee waliamua kuuza ng'ombe ili mtoto apate ada. Kwa Msukuma huo si uamuzi mwepesi.

Ndugu walimu na wanafunzi, kutengeneza cha kale ni kuondoa kutu inayokizuia kufanya kazi, wala si kufuta alama za mikono iliyokitunza. Dhahabu iliyoyeyushwa hupata bei, lakini haiwezi tena kueleza ilikuwa ya nani. Kabla hamjakitupa au kukiuza kilichoachwa na wazee nyumbani kwenu, kifungueni kwanza mkisome.