Buni Haina Kosa: Kahawa katika Historia ya Waislamu na Malezi ya Watoto Wetu



Katika nyumba zetu za pwani zipo kazi ambazo mtoto hujifunza bila ya kuandikiwa ubaoni. Mojawapo ni kazi ya kahawa. Kuipembua buni, kuikaanga, kuitwanga, kuipika na kuwagawia wageni, hizo ni kazi tano, na kila moja ina adabu yake. Leo tutaitazama asili ya kinywaji hiki na jinsi kilivyopita mikononi mwa wanavyuoni na wacha Mungu. Kisha tujiulize: mtoto anayekaa na bibi yake mbele ya jiko la makaa, je, anafundishwa kupika tu?

Tuanze na majina. Neno kahawa asili yake ni Kiarabu, qahwa. Buni ni bunn, finjani ni finjan, na dele tunalomiminia ni dalla. Lugha ni shahidi asiyesema uwongo. Maneno haya yatuonyesha kwamba elimu ya kahawa ilitufikia kwa njia ya bahari, pamoja na watu waliokuwa wakiinywa.

Mti wenyewe asili yake ni nyanda za juu za Uhabeshi. Lakini walioanza kuifanya kahawa kuwa kinywaji cha kukusanyikia ni masufi wa Yemen, ng'ambo ya Bahari ya Sham, katika karne ya 15 Miladia, ambayo ni karne ya 9 Hijria. Riwaya za mtu wa kwanza ni nyingi. Mwanachuoni Abdulqadir al-Jaziri, aliyeandika kitabu kizima cha kutetea uhalali wa kahawa kiasi cha mwaka 1558, amepokea habari za Sheikh Muhammad bin Said al-Dhabhani, mufti wa Aden aliyefariki mwaka 875 Hijria, karibu na 1470 Miladia. Sheikh huyo alivuka bahari, akawaona watu wa upande wa pili wakitumia kahawa. Aliporudi Aden akaugua, akaikumbuka, akainywa, akaona manufaa yake, na mojawapo ni kuuondoa usingizi na uzito wa mwili. Basi masufi wakaishika ili iwasaidie kukesha katika dhikri.

Kutoka Yemen kahawa ilipanda hadi Makka na Misri. Huko Cairo, mwanzoni mwa karne ya 16, wanafunzi wa Kiyemeni waliokaa katika msikiti wa Al-Azhar walikuwa wakiinywa usiku wa kuamkia Jumatatu na wa kuamkia Ijumaa. Kahawa ilitiwa katika chombo kikubwa cha udongo mwekundu. Mkubwa wao akiichota kwa kikata kidogo na kuwapa mmoja mmoja, akielekea upande wa kulia, na huku wakimtaja Mwenyezi Mungu. Tuuweke moyoni mfano huu: mkubwa ndiye aliyehudumia, na aliyekaa kulia ndiye aliyetangulia.

Nami mwandishi wa makala haya niliyaona hayo hayo kwa macho yangu kabla sijayasoma kitabuni. Nilianza kufundishwa kahawa nilipokuwa na umri wa miaka minane, nyumbani kwa bibi yangu mzaa mama, Unguja mjini.

Kwanza nilifundishwa kupembua. Buni mbichi humwagwa juu ya ungo, mawe na vijiti vikatolewa, na zile nyeusi zilizooza zikatupwa. Bibi akisema, "Moja mbovu huharibu dele zima." Pili ni kukaanga. Kikaango huwekwa juu ya makaa ya wastani na mwiko haupumziki. Buni ya kijani hugeuka manjano, ikanukia kama mkate, kisha huwa hudhurungi. Moto wake unapofikia kiasi cha nyuzi 200 huanza kupasuka, ta, ta! Hapo si pa kugeuza uso, kwani baina ya mlio huo na kuungua ni dakika chache tu. Na hata ikiepuliwa huendelea kujikaanga kwa joto lake yenyewe, kwa hivyo humwagwa upesi katika sinia ikapepewa.

Tatu ni kutwanga katika kinu kidogo, na nne ni kupika. Unga hutiwa katika maji yanayochemka, pamoja na tangawizi kavu iliyopondwa na pengine iliki. Ikifura huepuliwa, ikarudishwa tena, kisha huachwa mpaka mashapo yashuke. Mwenye haraka huwanywesha wageni mashapo. Tano ni kugawa. Dele hushikwa kwa mkono wa kushoto, kikombe kikatolewa kwa mkono wa kulia, kuanzia kuliani, wala kisijazwe pomoni. Mgawaji hunywa mwisho, kama tulivyofundishwa na Mtume wetu (S.A.W.). Kwa mtoto kama mimi huo mwisho ulikuwa ni matone mawili matatu, na nilikuwa nikiyaona ni tunu kubwa.

Sasa nitasimulia siku nilipoharibu. Ilikuwa Alhamisi, siku ya hitima ya babu yangu. Wazee walikuwa wamekwisha kaa barazani. Bibi aliniachia kikaango, akaenda kuswali alasiri. Mara nikasikia wenzangu wanapita na mpira, nikatoka mlangoni kuchungulia, kidogo tu. Niliporudi moshi ulikuwa umetanda jikoni. Nikachagua zile zilizokuwa na nafuu, nikazitwanga mbio mbio, nikatia tangawizi mara mbili na sukari juu yake, nikidhani sitajulikana.

Bibi alionja, akaweka kikombe chini. Hakunipiga wala hakupaza sauti. Alisema, "Mjukuu wangu, buni haina kosa. Kuungua humtokea kila mtu. Lakini huku kuficha umekufanya kwa kusudi." Kisha akaniamuru niende barazani nikawaambie wazee kwamba kahawa itachelewa, na niwaambie sababu yake.

Nilikwenda na miguu mizito kama nanga. Nilisema yote. Mzee mmoja akanitazama, akajibu, "Barakallahu fiik. Aliyetwambia kweli tutamngoja." Wakangoja. Buni iliyokaangwa mara ya pili ilikuwa ndiyo akiba ya Idi, na Idi ile nyumba yetu haikuwa na kahawa ya kuwapa wageni. Hakuna aliyenilaumu, lakini nililijua deni langu kila mgeni alipoletewa maji matupu.

Miaka mingi baadaye nilipokuwa nikisoma tarehe ya kahawa nilikuta kisa kilichonikumbusha maneno ya bibi. Mwaka 1511, yaani 917 Hijria, msimamizi wa masoko na maadili wa Makka, Khair Bey, aliwakuta watu usiku karibu na Msikiti Mtukufu, wana taa, wakipitishiana kikombe. Jina la qahwa zamani lilikuwa pia ni moja katika majina ya mvinyo, na namna ya kupokezana kikombe ilimtia shaka. Akawakusanya wanavyuoni. Juu ya mikusanyiko mibaya walikubaliana naye. Lakini juu ya kinywaji chenyewe walisema kwamba asili ya vitu ni uhalali mpaka madhara yathibitike. Wakaletwa matabibu, nao wakatoa ushahidi wa kuipinga. Basi kahawa ikapigwa marufuku, buni ikachomwa moto, na wauzaji wakaadhibiwa.

Habari zikapelekwa Cairo kwa Sultani Qansuh al-Ghawri. Amri iliyorudi haikumpa Khair Bey yote aliyoyataka. Ilikataza mabaya yanayofanywa katika vikao, bali kahawa yenyewe haikuiharamisha moja kwa moja. Na ndani yake mlikuwa na hoja nzito: hata maji ya Zamzam, yangenywewa kwa namna ya walevi, yangestahiki kukatazwa. Ubaya ulikuwa katika kikao, na buni ilichomwa bure.

Baada ya hapo kahawa ilienea. Katika miaka ya 1550 ilifika Istanbul, na mwaka 1652 nyumba ya kahawa ilifunguliwa London. Kwa muda mrefu biashara yake ilipitia bandari ya Mokha, Yemen. Mwaka 1715 Wafaransa walichukua miche ya Yemen wakaipanda kisiwani Réunion, na mwishoni mwa karne ya 19 wamisionari wa Kikatoliki wakaileta ya huko katika pwani yetu na Kilimanjaro. Basi mti ule ulizunguka bahari ukarudi Afrika ulikotoka. Na kwa upande wa Ziwa, Wahaya wa Bukoba walikuwa wakitafuna buni yao iliyochemshwa tangu zamani, wakigawana kuwa ni alama ya udugu na ukarimu.

Ndugu Msomaji, siku hizi kahawa ya unga hununuliwa imo ndani ya pakiti. Hilo si haramu, na kwa mama mwenye kazi nyingi ni msaada. Lakini tujue tunachokipoteza. Mwaka 2015 UNESCO iliiandika kahawa ya Kiarabu, kwa ombi la Oman, Saudi Arabia, Falme za Kiarabu na Qatar, katika orodha ya urithi wa wanadamu, ikiitaja kuwa ni alama ya ukarimu. Urithi wa namna hiyo hauhifadhiki katika pakiti. Mtoto huuchukua kwa kukaa karibu na mkubwa, akatazama mikono yake.

Na hasara nyingine iko barazani. Dele lile lile lililowakesha masufi katika dhikri, leo mara nyingi ndilo linalowakesha watu katika kusengenya. Akiwa mtoto anagawa kahawa kwa mkono wa kulia, na masikio yake yanasikia aibu za jirani, tumemfundisha nini? Hoja ya Zamzam ingali inatuhusu.

Basi tuchague jioni moja katika wiki, tuseme Alhamisi. Tumwite mtoto, wa kiume na wa kike, tumpe ungo na mwiko, nasi tukae naye, kwani moto hauachiwi mtoto peke yake. Hilo nalijua vyema. Akiunguza, tusimpigie kelele, bali tumfundishe kusema. Na atakapotoka na dele kwenda barazani, sisi wakubwa tuwe na mazungumzo ambayo hatutaona haya akiyasikia.

Bibi yangu amekwisha tangulia mbele ya haki. Kinu chake ninacho, na wajukuu zangu hukitwangia kila Alhamisi. Mwenyezi Mungu amrehemu, na atujaalie sisi na watoto wetu kuwa katika wasema kweli. Amin.