Gome, Jani na Tembe: Dawa ya Malaria Ilitoka Wapi?

Kama una mtoto mgongoni au sufuria motoni, usiache shughuli yako. Sogeza redio karibu tu, tuzungumze.

Leo nataka kujibu swali nililoulizwa kliniki na nyanya mmoja aliyemleta mjukuu wake kuchanjwa. Nilikuwa nimemaliza kuwaeleza akina mama kwamba mtoto mwenye homa asipewe maji ya majani yaliyochemshwa, bali aletwe apimwe. Nyanya akainua mkono. "Sista," akasema, "unatukataza majani. Na hizo tembe zenu za malaria zimetoka wapi? Si majani hayo hayo?"

Akina mama wakacheka, kisha wakanyamaza waone nitajibu nini. Nami nilijua nyanya amenishika, kwa sababu alilosema ni kweli. Dawa mbili zilizookoa watu wengi zaidi kutokana na malaria zimetoka kwenye mimea. Moja ni gome la mti, ya pili ni jani la mmea mdogo kama magugu. Kuna hata elimu nzima ya kuchunguza dawa zinazotoka kwenye mimea na vitu vingine vya asili, na wanafunzi wa famasia huisoma darasani.

Tuanze na gome. Katika milima ya Andes, huko Peru na nchi jirani, kuna mti unaoitwa mkwinini. Katika miaka ya 1600 mapadre Wajesuiti waliokuwa Peru walianza kupeleka gome lake Ulaya, na huko likasagwa na kunywewa kutibu homa ya vipindi, ile tunayoiita malaria. Labda umewahi kusikia kwamba mke wa gavana Mhispania ndiye aliyeponywa kwanza na gome hilo. Ni hadithi tamu, lakini wanahistoria hawaiamini.

Gome lilifanya kazi, ila lilikuwa na shida moja kubwa. Hakuna aliyejua nguvu yake. Gome la mti huu lilikuwa kali, la mti ule hafifu, na wafanyabiashara wengine walichanganya na magome ya miti mingine ili wapate faida. Mgonjwa mmoja alipona, mwenzake aliyekunywa kiasi hicho hicho akafa. Daktari hakuweza kueleza kwa nini.

Jibu lilipatikana mwaka 1820 mjini Paris. Wafamasia wawili, Pierre-Joseph Pelletier na Joseph Bienaimé Caventou, walifanikiwa kutenga kile kitu chenyewe kinachotibu ndani ya gome, wakakiita kwinini. Tangu hapo daktari aliweza kupima dawa kwa mizani. Mama, hebu tulia hapa kidogo, maana hapa ndipo jibu la swali la nyanya linapoanzia. Mti ni ule ule na uchungu ni ule ule. Kilichobadilika ni kwamba sasa tulijua tunampa mgonjwa kiasi gani.

Kipimo si jambo la mchezo. Nchini Uingereza daktari William Withering alipata habari za dawa ya miti shamba iliyotumiwa na mama mmoja mzee kutibu watu waliovimba mwili. Ndani yake mlikuwa na mimea zaidi ya ishirini, naye akatambua kwamba mmoja tu ndio uliofanya kazi. Alitumia miaka kumi kuupima kwa wagonjwa wake, na mwaka 1785 akaandika kitabu. Mmea ule ukizidi kidogo tu, moyo husimama. Dawa yake bado inatumika kwa baadhi ya wagonjwa wa moyo, na hutolewa kwa uangalifu mkubwa.

Turudi kwa mkwinini. Kila taifa lenye makoloni sasa liliutaka. Mwaka 1865 Mwingereza Charles Ledger alipata mbegu nzuri sana kutoka Bolivia, zilizokusanywa na mtumishi wake mwenyeji, Manuel Incra Mamani. Waholanzi wakanunua sehemu ya mbegu hizo, wakazipanda Java, na miaka iliyofuata sehemu kubwa ya kwinini ya dunia ikatoka huko. Mamani yeye alikamatwa baadaye kwa sababu ya mbegu, akapigwa, akafa. Jina lake halijulikani sana, ndiyo maana nimelitaja.

Hata hapa Afrika Mashariki mti huo ulifika. Wajerumani waliupanda Amani, katika milima ya Usambara kule Tanga. Vita Kuu ya Kwanza ilipowakata na dunia, walitengeneza kwinini yao wenyewe kutoka kwenye magome hayo. Baadaye jeshi lao lilipofukuzwa kutoka kaskazini, walibeba magome na kuyachemsha njiani. Askari na wapagazi wa Kiafrika walitembea mwendo huo pia, na malaria haikuchagua.

Kisha ikaja klorokwini, iliyotengenezwa maabara Ujerumani mwaka 1934. Wengi wenu mlilelewa nayo, ile tembe chungu iliyowasha mwili usiku kucha. Lakini vimelea vya malaria viliizoea. Sugu ilianza kuonekana Asia na Amerika Kusini mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwishoni mwa miaka ya 1970 ikafika hapa kwetu. Kenya iliiacha klorokwini kama dawa ya kwanza mwaka 1998, tukahamia dawa za jamii ya Fansidar, nazo hazikudumu. Katika miaka hiyo ya katikati watoto wengi walipewa dawa waliyoaminiwa nayo, homa ikarudi. Mama alifanya kila kitu sawasawa na bado akampoteza mtoto. Mimi nilikuwa bado shuleni, lakini mazishi ya watoto wadogo katika kijiji chetu nayakumbuka.

Sasa tufike kwenye jani. Wakati wa vita vya Vietnam malaria iliua askari wengi, na China ikaanzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa mpya. Ulianza tarehe 23 Mei 1967. Mwaka 1969 mtafiti mwanamke, Tu Youyou, alipewa kazi ya kuongoza kikundi huko Beijing. Alikuwa na watoto wawili wadogo. Ilibidi mmoja alale kwenye shule ya chekechea na mwingine alelewe na babu na nyanya. Mama anayeacha mtoto kwa dada au kwa nyanya ili aende kibarua anaelewa ninachosema.

Tu Youyou na wenzake hawakudharau wazee. Walisoma vitabu vya kale, wakawauliza waganga, wakakusanya maandalizi ya dawa zaidi ya 2,000. Walijaribu mimea karibu 200 kwa panya wenye malaria. Mmoja, atemisia, ulionyesha dalili nzuri mara moja, kisha ukashindwa tena na tena. Akarudi kwenye kitabu cha mganga Ge Hong, aliyeishi zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Akaona kwamba Ge Hong hakuagiza majani yachemshwe. Aliagiza yalowekwe kwenye maji, yakamuliwe, na mgonjwa anywe ule utomvu. Tu akajiuliza, je, ni moto ndio unaoua dawa?

Akabadilisha njia. Badala ya kuchemsha kwa joto kali, alitumia etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 35 hivi, chini ya joto la mwili wa mtu. Mwezi Oktoba 1971 sampuli namba 191 iliua vimelea vyote kwa panya, na baadaye kwa nyani. Mwaka 1972 yeye na wenzake wawili wakainywa wao kwanza kuhakikisha haina sumu, ndipo wakawapa wagonjwa 21. Walipata nafuu. Dawa iliyotengwa ndani yake ikaitwa atemisinini, na mwaka 2015 Tu Youyou akapewa Tuzo ya Nobel.

Dawa tunayotoa leo kwa malaria ya kawaida, AL, imetokana na jani hilo, ikaunganishwa na dawa ya pili. Kenya iliichagua mwaka 2004 na ikaanza kutumika vituoni mwaka 2006. Na ile sindano ya malaria kali, atesuneti, ni ya ukoo huo huo. Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanywa kwa watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Kenya ikiwemo, kulinganisha sindano hiyo na kwinini. Kati ya kila watoto 1,000 waliopewa kwinini, 109 walifariki. Kwa atesuneti walikuwa 85. Hao 24 wa tofauti ni wodi nzima ya watoto.

Basi nilimjibu nyanya hivi. Nilimwambia majani ni dawa, ila dawa iliyo ndani ya jani hupanda na kushuka. Udongo wake, mvua yake, siku uliyolichuma na jinsi ulivyolikausha, vyote huibadilisha. Hata chai ya atemisia, ambayo siku hizi inauzwa sokoni na kusifiwa, Shirika la Afya Duniani haliikubali kutibu malaria. Kikombe kimoja kinaweza kuwa na dawa kidogo mno. Vimelea vinapungua, homa inashuka siku moja au mbili, mama anashukuru Mungu, kumbe vilivyobaki vinazaana. Tena dawa kidogo kidogo ndiyo shule ya vimelea kujifunza usugu. Dalili za usugu kwa atemisinini zimeshapatikana Rwanda, Uganda na Tanzania. Ni majirani zetu hao.

Kuhusu mwarobaini, msikilizaji, mimi mwenyewe nilioshwa nao nilipopata tetekuwanga. Lakini usimnyweshe mtoto mchanga mafuta yake. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliripoti watoto wachanga walionyweshwa mafuta hayo kwa magonjwa madogo tu, wakaishia kutapika, kusinzia na kupata degedege.

Mtoto akipata homa, mpeleke apimwe damu ya kidole siku hiyo hiyo. Akikutwa na malaria, AL ni mara sita kwa siku tatu, kwa uzito wake. Dozi ya pili ni baada ya saa nane. Mpe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, dawa iingie vizuri mwilini. Akiitapika ndani ya nusu saa, mpe tena, kisha urudi kituoni uongezewe ile iliyopungua. Asiponyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea, usingoje asubuhi.

Nyanya alinisikiliza hadi mwisho. Akauliza, "Na hii chanjo mpya ya malaria, nayo ni mti?" Nikacheka, kwa sababu hapo tena alikuwa amepatia. Chanjo hiyo, iliyoanza kutolewa hapa Kenya mwaka 2019, imetiwa kitu cha kuamsha kinga ya mwili, nacho hutoka kwenye gome la mti wa Chile. Mjukuu alikuwa na miezi sita. Akamshika mguu, akasema, "Haya, mdunge."

Wiki ijayo, wakati kama huu, tutazungumza kuhusu chakula cha mtoto anayeanza kula. Mimi ni muuguzi wenu wa jamii. Kwaheri.