Gesi ya Zizini katika Injini ya Dizeli: Hoja kutoka Bonde la Ufa la Kati

Kuanzia Naivasha hadi Molo, kazi nyingi za shambani bado zinabebwa na injini ndogo ya dizeli. Ndiyo inayovuta maji, inayosaga mahindi umeme unapopotea, inayokatakata majani ya ng'ombe na kuendesha jenereta ya kipoza maziwa. Septemba 2023, bei ya dizeli jijini Nairobi ilipovuka shilingi 200 kwa lita, swali la kuilisha injini hiyo gesi lilipata uzito mpya. Hoja yangu ni kwamba injini ya dizeli inaweza kutumia gesi bila kuundwa upya, lakini gesi inayoifaa katika eneo hili ni methani itokanayo na samadi na mabaki ya mazao, si gesi ya mtungi. Gesi ya mtungi ibaki jikoni, ambako kila kilo yake inapunguza makaa na moshi.

Sababu ya kwanza imo ndani ya silinda. Injini ya dizeli haina plagi. Pistoni huikandamiza hewa hadi ibaki sehemu moja ya kumi na sita ya ujazo wake, au hata chini ya hapo. Hewa hiyo hupata joto kali, na mafuta yakinyunyiziwa humo huwaka yenyewe. Dizeli huhitaji nyuzi 200 na kitu za Selsiasi ili iwake hivyo. Methani huhitaji zaidi ya 500. Ukiiachia injini methani peke yake, itazunguka bila kuwaka.

Fundi ana njia mbili za kulitatua hilo. Anaweza kung'oa nozeli, aweke plagi mahali pake na apunguze mgandamizo. Injini itakuwa ya gesi kamili, ila siku gesi ikiisha nayo imekufa. Njia ya pili ni kuiacha injini ilivyo, gesi iingie pamoja na hewa, na dizeli kidogo ibaki na kazi moja tu ya kuwasha moto.

Njia hii ya pili ndiyo ninayoitetea, na mantiki yake inastahili kuelezwa polepole. Bomba la gesi huunganishwa na njia ya hewa, baada ya chujio, likiwa na valvu ya mkono. Injini huwashwa kwa dizeli kama kawaida na kupewa mzigo wake, kisha valvu hufunguliwa taratibu. Gesi inapoongezeka injini hutaka kwenda kasi. Kidhibiti mwendo hulihisi hilo na kupunguza dizeli chenyewe, bila mtu kukigusa. Kwa bayogesi, yaani ile gesi ya samadi na mabaki ya mazao, dizeli inaweza kupungua kwa asilimia 60 hadi 80 mzigo unapokuwa mzuri. Gesi ikikatika ghafla, kidhibiti hicho hicho huirudisha dizeli na kinu huendelea kusaga. Hakuna kilichokatwa wala kutobolewa ndani ya injini.

Mipaka ipo, na anayeipuuza ataharibu mali ya watu. Nozeli hupozwa na dizeli inayopita ndani yake, hivyo anayebana dizeli hadi tone la mwisho huiunguza. Valvu ikifunguliwa kupita kiasi, gesi inaweza kuikimbiza injini hata ikiwa imebaki dizeli ya kuwasha tu, na hapo kidhibiti hakina tena cha kupunguza. Kisha kuna salfidi ya hidrojeni, ile gesi yenye harufu ya mayai yaliyooza. Ikiungua huzaa asidi inayochafua oili na kula bushi za shaba. Dawa yake si ghali: gesi hupitishwa kwenye pipa lililojaa vyuma chakavu vyenye kutu, na oili hubadilishwa mapema kuliko kawaida.

Tukija kwa propani, iliyomo katika gesi ya mtungi, mambo hubadilika. Huwaka yenyewe kwenye joto la chini kuliko methani, na katika mgandamizo mkubwa wa dizeli huanza kugonga mapema. Butani hugonga zaidi. Mtungi unaouzwa Kenya una mchanganyiko wa gesi hizi mbili, na fundi wa Nakuru hana namna ya kujua uwiano wake. Kaboni dioksidi iliyomo katika bayogesi, ambayo kwa jiko ni hasara, ndani ya silinda hupoza mwako na kuzuia kugonga. Aidha, gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja katika kibanda cha kinu hutuama sakafuni ikisubiri cheche. Mlipuko wa Embakasi wa Februari 1, 2024 ulionyesha gharama ya kuishika gesi hiyo kiholela. Bayogesi huvuja pia, na huua pia ikikusanyika ndani, lakini ni nyepesi kidogo kuliko hewa na huhifadhiwa kwa shinikizo dogo sana.

Kuna pia suala la barabara, ambalo wachambuzi wa bei husahau. Tangu 1994 dizeli hufika Nakuru kwa bomba la Kenya Pipeline lielekealo Eldoret. Sehemu kubwa ya gesi ya mtungi huingia nchini kwa meli kupitia Mombasa, kisha hupandishwa huku juu kwa malori, nayo malori yanakunywa dizeli. Kubadili dizeli ya bomba kwa gesi ya lori, zote zikinunuliwa kwa dola, hakumpi mkulima uhuru wowote. Tanzania ina hali tofauti: gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974 na imekuwa ikifika Dar es Salaam kwa bomba tangu 2004, kwa hiyo magari ya gesi kule yana msingi wake. Rwanda nayo inachota methani kilindini mwa Ziwa Kivu, na mtambo wa KivuWatt wa megawati 26 umekuwa ukiigeuza umeme tangu 2016. Kila mmoja anatumia gesi iliyo chini ya miguu yake. Iliyo chini ya miguu yetu ni samadi.

Je, samadi hiyo inatosha? Hapa watetezi wa bayogesi, ambao mimi ni mmoja wao, hupenda kutia chumvi. Ng'ombe wa kufugiwa zizini anaweza kutoa kilo 15 za samadi ya kukusanywa kwa siku, na kilo moja huzaa takribani lita 40 za gesi. Ng'ombe wawili basi huleta mita za ujazo 1.2, kiasi cha kupikia tu. Mita moja ya ujazo hubeba nishati ya takribani lita 0.6 za dizeli. Ng'ombe 30 watatoa mita 18, zinazoweza kuendesha mzigo wa kilowati 5 kwa saa tano hivi. Mwenye ng'ombe wawili apikie gesi yake. Asiuziwe ndoto ya pampu.

Wala ushirika wa maziwa hautatui hesabu hiyo, ingawa wazo hilo hupendwa sana mikutanoni. Maziwa ya wanachama hufika mahali pamoja. Samadi yao hubaki katika mazizi mia tofauti, na sehemu kubwa yake ni maji. Kuisafirisha ni kuchoma dizeli ili kuokoa dizeli. Mradi huu unafaa pale taka zilipokwisha kukusanyika zenyewe: mashamba makubwa ya maziwa ya Njoro na Rongai, machinjio, shule za bweni zenye mifugo, viwanda vya kufungashia mboga. Gorge Farm ya Naivasha imelithibitisha hilo kwa kiwango kikubwa: mabaki ya mazao ya shamba huoza ndani ya matangi, gesi huendesha injini za zaidi ya megawati 2, umeme wa ziada huuzwa kwenye gridi, na tope hurudi shambani kama mbolea. Injini za pale ni za gesi tangu kiwandani. Shamba la ng'ombe 30 haliwezi kuzinunua, ila injini ya dizeli tayari linayo.

Nguvu ya jua ni mshindani wa kweli. Kwa kuvuta maji mchana, paneli hushinda, nami singemshauri mtu ajenge mtambo wa bayogesi kwa ajili ya pampu pekee. Lakini ukamuaji huanza kabla ya mapambazuko, na kinu hutaka nguvu nyingi kwa saa chache. Gesi iliyokusanyika usiku kucha iko tayari saa kumi na moja alfajiri, bila betri.

Hoja ya mazingira nayo isitumiwe ovyo. Injini yenye mzigo mwepesi huacha methani nyingi ipite bila kuungua, na kwa kipimo cha miaka 100 kilo moja ya methani hupasha dunia joto takribani mara 28 kuliko kilo ya kaboni dioksidi. Anayeendesha jenereta ya kilowati 20 ili awashe taa mbili anachafua hewa kwa jina la kuisafisha. Gesi ifunguliwe pale tu injini inapofanya kazi ya haja, angalau nusu ya uwezo wake.

Linabaki suala la mwinuko, ambalo ni letu hasa. Nakuru iko kwenye mita 1,850 hivi, Molo karibu 2,500. Shinikizo la hewa Nakuru ni kama asilimia 80 ya lile la pwani, na Molo ni kama 75. Bayogesi ikichanganywa na hewa kwa kipimo cha kuungua kikamilifu huchukua karibu asilimia 15 ya nafasi ya silinda. Propani huchukua asilimia 4 tu, na kwa hili lazima nikiri kuwa propani ina nafuu. Injini isiyo na tabo iliyokwisha kupoteza moja ya tano ya hewa yake kwa sababu ya mwinuko haiwezi kunyang'anywa tena sehemu kubwa kiasi hicho ikiwa imebeba mzigo wote. Majedwali ya watengenezaji hupimwa kwa shinikizo la karibu na usawa wa bahari, na anayeyanakili Molo atanunua injini ndogo kuliko anayohitaji. Chuo Kikuu cha Egerton kiko Njoro, juu ya mita 2,100, kikiwa na wahandisi wa kilimo na ng'ombe wake. Hapo ndipo injini ya aina moja inapofaa kupimwa mzigo kwa mzigo, kisha ipelekwe Naivasha na Molo ipimwe tena, na matokeo yachapishwe kwa lugha ambayo fundi wa jua kali anaweza kuisoma karakanani.