Maneno ya Kiingereza na Kazi Zake

Wasomaji wetu, mji wa Tanga una historia yake katika elimu ya lugha za kigeni. Katika miaka ya 1890 Wajerumani walifungua shule ya serikali huko, na wanafunzi wa madarasa ya juu wakafundishwa Kijerumani. Katika lugha ile kila jina la mtu au kitu huanza kwa herufi kubwa, popote liandikwapo. Basi mwanafunzi aliweza kulitambua jina kwa macho tu. Mwaka 1916 Waingereza waliutwaa mji, na baadaye Kiingereza kikashika mahali pa Kijerumani. Alama ile ikatoweka.

Nasi tusemao Kiswahili tumezoea alama nyingine. Tukisikia kitabu na vitabu, twajua ni jina. Tukisikia anasoma na walisoma, twajua ni tendo. Lakini neno la Kiingereza mara nyingi laenda shambani na arusini kwa nguo ile ile.

Litazame neno "well". "The well is deep": kisima ni kirefu, hapo ni jina. "He reads well": asoma vizuri, hapo laeleza tendo. "She is well": yeye ni mzima, hapo ni sifa. Sisi tulipokuwa wanafunzi tulikariri kwamba "well" ni kisima, basi. Rafiki yetu alipotuandikia "I am well", tulistaajabu jinsi mtu alivyogeuka kisima! Neno tulikuwa nalo, maana ilituponyoka.

Watunga kamusi waliijua shida hii. Askofu Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864, alijifunza kwa kuwauliza wenyeji, akatoa kitabu chake cha lugha ya Kiswahili mwaka 1870. Bwana A. C. Madan akafuata na kamusi ya Kiingereza na Kiswahili mwaka 1894. Kisha kamusi za Kamati ya Lugha, zilizosimamiwa na Bwana Frederick Johnson, zilitoka mwaka 1939. Zile herufi ndogo zilizo kando ya neno katika kamusi, watu wengi huziruka. Kumbe ndizo mlango: n. ni jina, v. ni tendo, adj. ni sifa, adv. ni neno lielezalo tendo.

Basi, ndugu walimu, tusiwape watoto orodha ya maneno matupu. Tuwape neno likiwa pamoja na wenziwe, kisha tuwaulize: Hapa lafanya kazi gani? Wakilijua hilo, maana haiko mbali.