Bemba Mzee na Kiti cha Seneti

Wakenya wengi tulilijua jina Bemba kupitia The Hague. Wakati kesi zetu za ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zikiendelea kule, Jean-Pierre Bemba, aliyekuwa makamu wa rais wa Kongo, naye alikuwa kizuizini akingoja hukumu yake. Nilidhani hadithi ni ya mwana. Nilipoanza kusoma historia ya Zaire ndipo nikagundua kumbe ilianza na babake.

Jeannot Bemba Saolona alizaliwa mwaka wa 1942 huko Équateur, kaskazini-magharibi mwa Kongo. Baba Mreno, mama Mkongo. Alikuwa mfanyabiashara kwanza, mengine yakafuata. Kampuni yake, Scibe, ilijulikana zaidi kwa ndege za Scibe Airlift. Na ndege Zaire hazikuwa anasa. Nchi hiyo ni kubwa karibu mara nne ya Kenya, na barabara zilikuwa zinakufa polepole. Mwenye ndege ndiye aliyekuwa na barabara.

Lakini chini ya Mobutu hakuna aliyetajirika peke yake. Novemba 30, 1973, Mobutu alitangaza kwamba mashamba na biashara za wageni zitapewa raia. Walioneemeka hasa ni waliokuwa karibu na utawala. Tangu hapo kila tajiri alijua: mali ni yako mradi mkubwa hajakukasirikia. Bemba mzee aliongoza ANEZA, chama cha wenye makampuni, na bintiye akaolewa na Nzanga, mwana wa Mobutu.

Mobutu akaanguka Mei 1997. Mwaka uliofuata Jean-Pierre alianzisha MLC, akachukua silaha dhidi ya Laurent Kabila kwa msaada wa Uganda. Kisha mwaka wa 1999, Kabila huyohuyo akamteua mzee kuwa waziri wa uchumi. Baba yuko serikalini Kinshasa, mwana yuko msituni Équateur! Je, alikuwa waziri, au mateka aliyepewa ofisi? Nimelizungusha swali hili kichwani, na naona mtu anaweza kuwa vyote viwili.

Mwaka wa 2006 mwana alishindwa na Joseph Kabila katika duru ya pili ya urais. Nzanga, mkwe wa nyumba hiyo, alimuunga mkono Kabila. Mapema mwaka uliofuata mzee akawa seneta wa Équateur. Kule maseneta huchaguliwa na mabunge ya mikoa, si wananchi kwenye foleni kama sisi.

Hakukaa sana. Alifariki Brussels Julai 2009, mwanawe akiwa kizuizini. Mahakama ilimruhusu mwana atoke kwa muda mfupi tu akamlilie babake, kisha arudi. Miaka tisa baadaye, 2018, aliachiliwa huru kwenye rufaa.

Hapa kwetu, tajiri akiomba kura, huwa tunasema, "Huyu hataiba, ameshashiba." Mimi siku hizi siulizi kama ameshiba. Nauliza utajiri wake unamtegemea nani. Bemba mzee alikuwa na ndege, na bado ilimbidi kila utawala ukibadilika atafute tena mahali pa kukaa. Kiti cha Seneti kilikuwa cha mwisho.