Swichi: kisanduku kidogo kinachobeba mutandao wote

Mu biro nyingi za Goma, Bukavu ao Bunia, swichi inawekwa nyuma ya meza, kable zinaingizwa, na hakuna mutu anaiangalia tena mpaka siku mutandao unakufa.

Mara nyingi sababu ni kitu kidogo: mutu anaokota kable iliyolala chini, anachomeka ncha zake mbili mu swichi ileile. Ujumbe unaotumwa kwa mashini zote unaanza kuzunguka bila mwisho, unaongezeka, na kwa sekunde chache kompyuta zote zinakwama. Dawa iko tangu zamani. Mu mwaka 1985, Mumarekani Radia Perlman alitunga ginsi ya swichi kutambua muzunguko huo na kufunga njia moja. Lakini swichi za bei ya chini, zile zisizopangwa, mara nyingi hazina dawa hiyo, hospitali isizitegemee.

Swichi inayopangwa nayo haijilindi yenyewe. Neno la siri la kiwandani linajulikana sana, libadilishwe siku ya kwanza. Telnet inapitisha neno hilo wazi; SSH inalificha. Matundu yasiyotumika yafungwe, zaidi lile la chumba cha wageni. Mashini za kaisi zitengwe na za wageni kwa VLAN, ila isiwe namba 1, ile karibu swichi zote zinatoka nayo kiwandani.

Halafu umeme: mu swichi nyingi za Cisco, mpango usiohifadhiwa unapotea ukikatika. Fundi auhifadhi mbele ya kurudi nyumbani.